Kitindamimba Aliyewekwa Rehani

Nyinyi wanawake wenzangu wa Kuze, mliokaa nami matangani kwa binti yangu Salma, mmekuwa mkinijia mmoja mmoja. Huyu anakuja na birika ya kahawa, yule na kisingizio cha kuazima mbuzi ya nazi, na swali lenu ni moja: Dubai kulikuwaje, Bi Rukia, na mbona umerudi umenuna? Nimechoka kusimulia vipande. Kila nikimaliza kwa mmoja, nasikia kwa mwengine hadithi imeshaota mkia. Basi naandika. Shule niliishia darasa la tatu na herufi zangu zinakwenda upande kama kaa, lakini zinasomeka. Someni mpaka chini, maana huko chini nina jambo langu nanyi.

Habari za tiketi na viza siandiki. Zilipatikana, nikapanda.

Ninaloandika kwanza ni nia yangu, nisije nikajitia wema nisiokuwa nao. Sikwenda kumtembelea mjukuu wangu Mwanaidi. Nilikwenda kumgombeza. Mnajua yeye na kakake Athumani walikuwa wakifanya kazi pamoja kule, kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya mahoteli. Mama yao, Salma wangu, alipougua, Athumani akaja. Mwanaidi hakuja. Mama akafa, tukamzika, arubaini ikapita, Mwanaidi hakuja. Tulipomuuliza Athumani akainamisha kichwa, akasema, "Nilimwambia twende, hakutaka. Dubai imemkolea." Na mimi, nimekaa juu ya jamvi la msiba, nikasema mbele yenu nyote kwamba mtoto huyo si damu yangu tena. Mlisikia. Tena wengine mliongeza chumvi.

Nikachukua leso ya marehemu, ile nyekundu aliyokuwa akijifunga kiunoni siku za kukaanga viazi, nikaikunja, nikaitia mkobani. Nilikusudia kumtupia usoni.

Nairobi: viti vya chuma

Mombasa hadi Nairobi ni kama kupiga chafya. Unapanda, unapewa juisi, unashuka. Matata yalianza Nairobi. Ndege ya Dubai ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi. Saa tatu ikafika, saa nne ikafika, na msichana wa kaunta anatabasamu tu kama mtu anayepigwa picha. Nikamwendea.

"Ndege iko wapi?"

"Mama, kuna delay kidogo. Relax."

"Kidogo ni dakika kumi. Hii ni saa nzima, na miguu inayovimba ni yangu."

"Pole sana, mama."

"Pole haina mabawa, mwanangu."

Nikarudi kwenye kiti. Viti vyenyewe vya chuma, baridi imekaa ndani yake kama maji kwenye mtungi. Nikafungua mahamri yangu na mbaazi. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja amevaa koti, magotini ana boksi lililofungwa kamba. Akavuta pua.

"Bibiye, hayo yametiwa iliki, au unataka kunitesa tu?"

Kimvita kitupu, cha kwetu Mombasa! Nikamtazama vizuri. Rangi ya Kihindi, nywele za kuchana, msalaba shingoni.

"Wewe Mreno?" nikamuuliza.

"Mimi Mgoa. Naitwa Fundi Kaitano. Cherehani yangu ilikaa nyuma ya soko miaka yote, koti alilooa nalo mumeo pengine nimelishona mimi."

"Mume wangu alioa kwa kanzu. Na Wagoa na Wareno ni mamoja."

"Si mamoja, mama. Wareno walitutawala sisi kama walivyowatawala nyinyi. Sisi wametuachia majina."

"Sisi wametuachia ngome. Napita pale na kikapu changu tangu nina meno ya utotoni, haijapata kuniamkia."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa mahamri mawili, si kwa mapenzi, ni kwa kuwa nilikuwa nataka mtu wa kugombana naye na yeye alikuwa karibu. Akafungua boksi anionyeshe. Ndani mna picha ndani ya fremu: kijana mwembamba, nguo nyeusi, uso wa mtu asiyelala vizuri, na mguuni mnyororo.

"Huyu ni nani, mwizi?"

"Ni mwana wa mfalme wa Ureno, wa zamani sana, kabla Wareno hawajafika Mombasa. Bintiye binti yangu amejifungua Dubai, nakwenda kwenye ubatizo. Mtoto atapewa jina la huyu."

"Mtoto mchanga mnampa jina la mfungwa?"

"Kaa nikusimulie, Bi Rukia. Ndege yenyewe haipo."

Jina la mwana wa mfalme huyo lilinishinda ulimi na sijali. Fundi aliniambia alikuwa wa mwisho kuzaliwa, basi nikamwita Kitindamimba.

Angani: nilivyompigia kelele mtu aliyekufa

Tuliondoka saa sita. Fundi akamwomba mtu abadilishane naye kiti, akakaa pembeni yangu na boksi lake. Walituletea kuku mwenye ladha ya karatasi na majani mabichi, chakula cha sungura. Nikampa Fundi majani yangu, yeye akaendelea na hadithi.

Kitindamimba alizaliwa mgonjwa mgonjwa. Kaka zake walikuwa mashujaa. Yeye akiwa bado mtoto, walivuka bahari pamoja na baba yao wakauteka mji wa Waislamu, wakarudi na sifa. Yeye sifa hana, ana vitabu, sala na kikohozi. Alipokuwa mtu mzima, kaka mmojawapo akasema tuvuke tena tukateke mji wa pili, na Kitindamimba akataka kwenda, asije akaambiwa amekaa tu jikoni.

"Hapo sina huruma naye," nikamwambia Fundi. "Miji ya wenyewe. Nani aliwaita?"

"Hakuna aliyewaita. Ngoja."

Wakavuka. Wenyewe wakatoka na jeshi kubwa, wakawazunguka Wareno. Maji hakuna. Wakala farasi wao.

"Walistahili," nikasema.

"Ngoja, mama! Wakaomba amani. Wakaambiwa: sawa, nendeni zenu, lakini ule mji wa kwanza mlioteka zamani, rudisheni. Na mpaka mtakapourudisha, tuachieni mtu wenu wa damu."

"Rehani."

"Naam. Rehani. Wakamwacha Kitindamimba."

Hapo nikaweka kijiko chini. "Yule kaka aliyeleta shauri la vita alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Akabaki na mdogo wake?"

"Alisema angebaki yeye badala yake. Wakubwa wa jeshi wakamkatalia."

"Wakamkatalia, naye akashukuru, akapanda merikebu!" Nilisema kwa sauti, najua, kwa sababu mhudumu alikuja mbio kuuliza kama mama anaumwa. Mama haumwi! Mama amekasirika. Mwenye nguvu anaondoka, mgonjwa anaachwa awe ahadi ya mwenye nguvu, hasira gani nyingine unataka? Nikamwambia Fundi niambie upesi, walirudi kumchukua au hawakurudi? Naye mwanamume huyo, kama aliyelipwa kunichokoza, akafumba macho akalala mpaka magurudumu yanagusa chini.

Bintiye alikuwa akimngoja nje. Fundi akanivuta mkono nikiwa bado namdai mwisho wa hadithi. "Njoo nyumbani, Bi Rukia, Al Nahda, jengo lenye duka la dawa chini, ghorofa ya sita. Nitakupa mwisho wake na chai." Akaenda. Waarabu, aliniambia akiwa anaingia garini, Ureno wanaiita Burtughal. Neno hilo nikalitia kichwani kama pini. Laiti nisingelitia.

Al Qusais: kitanda cha chini

Teksi ikanifikisha Al Qusais jua linazama. Msidhani niliona minara ya vioo mnayoiona kwenye kalenda. Niliona maghala, malori, na majumba ya wafanyakazi yamepangwa kama viberiti, nguo zimeanikwa kila dirisha. Joto la huko linakushika usoni kama mtu anayekufunika mdomo.

Chumba cha Mwanaidi kina vitanda sita, vya juu na chini. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha chini, ndiyo kwanza ametoka kazini. Akainuka. "Shikamoo, Nyanya."

Sikuitikia. Nikafungua mkoba, nikatoa ile leso, nikamtupia. Ikampiga kifuani. "Chukua. Ndicho kilichobaki cha mama yako ambaye hukutaka kumzika."

Yule mtoto aliishika leso, akaitia usoni, akaivuta harufu kwa muda mrefu, na mimi nimesimama pale na maneno yangu niliyoyapanga toka Mombasa, yote yanayeyuka. Nikaona mikono yake. Ngozi imepasuka kwa dawa za kufulia, vidole vya mwanamke wa miaka sitini.

"Nyanya," akasema ndani ya leso, "Athumani hakuwaambia?"

"Aniambie nini?"

"Mimi ni garantii yake."

"Garantii ni ya friji!"

Akaketi akanieleza. Huko, mtu wa kampuni akiomba likizo ya haraka, kampuni haimwachi hivi hivi, maana wengi wakiondoka hawarudi. Mwenzake lazima amwekee pasipoti. Wewe ukirudi, mwenzako anapewa pasipoti yake. Usiporudi, mwenzako haendi popote. Mama yao alipougua walikwenda wote wawili ofisini, wakaambiwa mmoja aende, mmoja abaki. Mwanaidi akasema kaka ndiye mkubwa, aende yeye, mwezi mmoja, halafu arudi ili na mimi niende. Akaiweka pasipoti yake mezani kwa mkono wake mwenyewe. Athumani akaja kwetu, akakuta kazi ya kuuza simu kwa rafiki yake, akachumbia, akatulia.

"Na simu, mbona hukutupigia?"

"Nilipiga, Nyanya, kila wiki. Namba niliyo nayo ni ya Athumani. Anasema nyote mmenikasirikia kwa kuondoka bila ruhusa ya mama, hamtaki kusikia sauti yangu. Anasema, tulia, nakuja wiki ijayo."

"Siku mama yako alipokufa?"

"Aliniambia baada ya siku tatu."

Wenzangu, mimi nimezaa saba, nimezika wawili, sijapata kukaa chini kama nilivyokaa chini siku ile. Niliketi sakafuni. Nilikuwa nimembeba mtoto huyu mdomoni mtaa mzima nikimtafuna, kumbe yeye ndiye aliyebaki merikebu ilipoondoka. Nikamwambia, "Sema tena wewe ni nani wa Athumani."

"Garantii."

"Hapana. Wewe ni rehani. Jina lake ni hilo, na nimelisikia leo."

Kesho yake asubuhi tukaenda ofisini. Karani ni Mhindi wa Kerala, mpole, kalamu sikioni. Mwanaidi anatafsiri. Nikamuuliza, pasipoti ya mtoto wangu iko wapi? Akaonyesha sanduku la chuma. Lifungue basi! Ufunguo anao arbab, mwenye kampuni, na arbab yuko shambani kwake Hatta mpaka wiki ijayo. Kisha akasema jambo jengine, polepole, kama anayemuuliza mtu mahali panapouma. Athumani ana miezi mitano na siku kumi na mbili nje. Ikifika miezi sita viza yake inakufa, hata akitaka kurudi hawezi. Na huyu msichana?

"Then she finish contract," akasema karani. "One year more. Sorry, mama."

Zilibaki siku kumi na nane.

Al Nahda: machungwa

Mwanaidi akaingia zamu. Mimi nikabaki na hasira mikono mitupu. Nikaona nikimkosa Athumani wa kumrarua, basi angalau nijue ndugu wa yule Kitindamimba walifanya nini. Nikasimamisha teksi. Dereva ni Mpathani, ndevu zimetiwa hina, mtu wa heshima. Jina la mtaa likawa limenitoka kichwani. Nikamwambia lile neno langu la pini: "Burtughal. Mzee. Burtughal."

"Burtuqal?" akasema, amefurahi. "Mafi mushkil, mama! Yalla." Yaani hakuna tabu, twende.

Tukaenda, tukaenda, tukaenda. Akanishusha mbele ya soko la matunda. Nikamwambia siyo, Burtughal! Akanishika mkono kwa adabu kama mama yake, akanipeleka mpaka mbele ya mlima wa machungwa. Muuzaji ameshanimenyea moja. Mimi napiga kelele "Mzee! Ghorofa ya sita!", wao wananionyesha machungwa makubwa zaidi. Watu wamekusanyika. Akatokea mama mmoja Mkamba anayenunua vitunguu, akasikia Kiswahili changu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shosho, hapa burtuqal ni machungwa!"

"Basi nchi nzima ya Wareno ni machungwa?"

"Nani anajua? Wewe unaenda wapi?"

"Mtaa unaofanana na nadhiri."

"Nahda! Al Nahda!" Akamweleza dereva, dereva akajipiga paji la uso, na njia yote ya kurudi akawa ananiomba msamaha kwa Kipathani. Nilinunua kilo mbili, maana nilikuwa nimeshakula lile moja, sitaki kuitwa mwizi ugenini.

Fundi Kaitano alinifungulia mlango amevaa msuri. Nikamtilia machungwa mikononi. "Mwisho," nikamwambia. "Chai baadaye."

Akanieleza amesimama. Kaka zake Kitindamimba walikutana kwao wakakaa baraza. Mmoja akasema mji urudishwe, ndugu yetu arudi. Yule aliyeleta shauri la vita akasema mji haurudishwi. Mfalme, kaka mkubwa, alilia tu, na mwaka uliofuata akafa. Barua zikaenda, barua zikarudi. Kitindamimba akaambiwa subiri. Kule utumwani akavuliwa nguo nzuri, akapewa jembe alime bustani, akapewa ufagio afagie zizi la farasi. Miaka sita. Akafa kwa kuendesha tumbo, na mwili wake ukatundikwa juu ya ukuta wa mji, miguu juu.

"Na ndugu?"

"Baadaye sana, mifupa ikarudishwa. Wakamjengea kaburi zuri, wakamwita mtu wa Mungu. Mpaka leo watu wanasifu subira yake."

"Kumkomboa waliona kazi. Kumsifu wakaweza!"

"Bi Rukia, taratibu. Mimi nimempenda mtu huyu toka utotoni. Bibi yangu alikuwa akituonyesha picha hii, anatuambia muwe wavumilivu kama yeye."

"Na nani alikuwa akiwaambia msiwe kama kaka zake?"

Fundi akatazama machungwa mikononi mwake kama aliyesahau yametoka wapi. Mle ndani mtoto mchanga akalia, mimi nikaondoka hata chai sikunywa. Ndugu wa yule waliandika barua miaka sita. Mimi nilikuwa na siku kumi na nane, na kuandika kwenyewe ndiyo huku mnakokuona.

Hatta: sinia ya tende

Ijumaa Mwanaidi hana zamu. Gari la dobi hupeleka mashuka kwenye hoteli moja Hatta, na dereva wake, Mganda mmoja mnene aitwaye Okello, akakubali kutuficha katikati ya marobota. "Mukikamatwa mimi sijui nyinyi," akasema. Tukaenda tumekalia mashuka ya wageni, meupe, yananukia sabuni. Mchanga ukaisha, milima ikaanza, milima mikavu rangi ya kutu, haina hata jani la kujifunika. Mwanaidi alilala begani kwangu njia nzima. Leso ya mama yake ameifunga kichwani.

Shamba la arbab lina mitende, mfereji wa maji na mbuzi. Yeye mwenyewe ni mtu mzima wa makamo yangu, kanzu nyeupe, miguu mitupu, anatazama maji yakiingia kwenye miche. Akashangaa kutuona, lakini hakutufukuza. Nasema haki yake. Mkeka ukatandikwa, gahwa ikaja, sinia ya tende ikaja. Akauliza afya yangu, afya ya nyumba yangu, nikamjibu yote, maana na mimi nimelelewa. Kisha nikamwambia Mwanaidi, tafsiri neno kwa neno, usinilainishie.

"Mwambie: mama yake amekufa, yeye hajaona kaburi."

Arbab akasema Mungu amrehemu. Tena kwa moyo.

"Mwambie: unamshikia kosa la mwanamume."

Akainua mikono. Akasema, mama, si mimi tu, kila mtu hapa anafanya hivi. Nikiwaachia, wanaondoka kumi wanarudi watatu, mashine zangu zinasimama. Huyu hakulazimishwa, alitia sahihi. Hii ni dhamana tu.

"Mwambie dhamana ni neno la ofisini. Muulize, hii siyo rahn?"

Mwanaidi alilitamka neno hilo polepole. Na neno ni lao wenyewe, sisi tumelichukua kwao. Arbab akaweka kikombe chini. "La, la," akasema, "mush rahn." Lakini macho yake yakahama kwangu yakaenda kwenye maji.

Nikatoa pasipoti yangu kifuani, nikaiweka juu ya mkeka. "Mwambie achukue hii. Ampe mtoto yake."

Arbab akacheka kidogo, kwa aibu. "Nitafanya nini nawe, mama? Huwezi hata kubeba robota."

"Utanilisha. Nami nitakaa mlangoni kwa ofisi yako kila siku, na kila anayeingia nitamwambia nangoja nini."

Akaisukuma pasipoti kwa kidole kimoja kunirudishia. Nikaisukuma kwake. Akairudisha. Mbuzi wakawa wanatutazama. Mwisho akasema: huyo kijana akirudi, siku hiyo hiyo msichana anaondoka, na tiketi natoa mimi. Khalas. Hilo ni neno langu. Asiporudi, sina njia.

"Basi nipe simu yako."

Akanipa. Nikabonyeza namba za Athumani, ikalia, ikaitikiwa.

"Hello, nani?"

"Ni nyanya yako. Niko Hatta, kwa arbab wako, tunakula tende."

"Nyanya! Mimi nilikuwa nakuja wiki ijayo, wallahi, ni mambo tu..."

"Sikiliza. Pasipoti ya dadako iko kwenye sanduku la chuma. Sasa na yangu inaingia humo humo. Wanawake wawili wako ndani ya sanduku kwa ajili yako. Usipokuja mimi nafia huku, na kabla sijafa nitapiga simu kwa kila nyumba iliyokaa matanga ya mama yako, na kwa wakwe zako kwanza."

"Nyanya, kazi ile ni ya punda!"

"Najua. Nimeiona mikono ya punda."

Nikakata simu. Nikainuka, nikamuaga arbab vizuri. Pasipoti yangu nikaiacha juu ya sinia, katikati ya tende, tukapanda mashuka yetu tukarudi. Jumamosi karani aliniambia imefika, arbab ameituma ndani ya bahasha pamoja na ufunguo, imeingia sandukuni juu ya ile ya Mwanaidi. Hakujua acheke au alie.

Al Qusais tena: mashine namba nne

Nilikaa mlangoni kwa ofisi siku kumi na moja. Karani alinipa kiti, baadaye feni, baadaye chai yake ya maziwa na porota, chapati ya kwao, kila asubuhi. Wateja waliniuliza, nikawajibu. Kiingereza changu ni cha maneno matatu, yalitosha: "Grandson no come." Siku ya tisa karani aliniambia arbab amepiga simu kuuliza kama bado nipo.

Siku ya kumi na mbili Athumani akatokea mlangoni, begi mgongoni, amekonda kwa woga wa safari ya saa tano tu.

"Shikamoo, Nyanya."

"Mwamkie kwanza rehani wako."

Mwanaidi alikuwa ametoka kwenye mvuke, apuroni imelowa. Athumani akafungua mdomo. Akasema alidhani Mwanaidi ameshazoea, akasema dadake ndiye mwenye moyo wa subira, siku zote tangu wadogo, akasema atamlipa kwa wema. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kiatu mkononi. Mwanaidi akanishusha mkono. Akavua apuroni, akampa kakake.

"Mashine namba nne inavuja upande wa kushoto," akamwambia. "Vaa buti."

Akaenda kufunga mizigo. Hakusema jengine, na hajasema mpaka leo. Sanduku likafunguliwa, pasipoti zetu mbili zikatoka pamoja, zimeshikana kwa joto. Arbab alitoa tiketi kama alivyosema.

Fundi Kaitano alinipigia simu siku ya kuondoka. Mtoto amebatizwa, jina amepewa lile lile. "Lakini, Bi Rukia," akasema, "baada ya ibada niliwasimamisha kaka zake wawili mbele ya picha, nikawasimulia habari za kaka, si habari za mtakatifu. Bibi yangu kaburini sijui ananitazamaje." Nikamwambia amepata mahamri ya bure maisha yake yote.

Kuze: jambo langu nanyi

Sasa mmejua kwa nini nimenuna. Tumerudi tukaenda moja kwa moja makaburini, na mizigo yetu. Sisimulii ya huko.

Lakini tangu ijulikane, nawasikia. Barazani, kisimani, kwa mwenye duka: "Msichana yule ana subira, mashallah. Huyo ni wa peponi." Walewale mliosema Dubai imemla, leo mnamvika kilemba. Nawaomba mwache. Yule mwana wa mfalme naye alisifiwa hivyo hivyo, tena na wale waliomwacha, na sifa zenyewe zikafika ameshatundikwa. Mtoto wangu hakuwa na subira. Alikuwa amefungiwa. Alikuwa analia ndani ya mto kila Ijumaa, ameniambia mwenyewe.

Mimi nimeshaanza. Tulipokuwa angani nilimwambia yale yote niliyosema juu ya jamvi, neno kwa neno, sikuacha hata la kukana damu, nikamwomba radhi. Akaniuliza kama nitakula majani yangu.

Njooni Ijumaa hii baada ya laasiri. Mwanaidi atakuwepo, ndiye atakayemimina kahawa, mtaiona mikono yake. Kila mmoja aje na lile alilolisema matangani, amwambie kwa mdomo wake, amwombe. Kahawa ipo, kaimati zipo. Atakayekuja na neno subira, aliache nje na viatu vyake.